Miezi nane, maombi 140, na begi ya laptopu: jibu kwa baba wa Kiambu Road

Swali lilikuja hivi, nimelifupisha na nimetoa vitu vya kumtambulisha mwenyewe:

"Dada, nina miaka 51. Nilikuwa mkurugenzi wa fedha wa kiwanda kimoja Industrial Area, nimekaa hapo miaka 19, niliingia kama mhasibu wa kawaida. Kampuni ikauzwa, wenyewe wapya wakaja na mtu wao, mimi nikapewa barua. Huu ni mwezi wa nane. Nimetuma maombi kama 140, nimeitwa intavyu mbili, zote naambiwa nimezidi hio kazi. Mke wangu anajua, watoto hawajui, ndugu zangu pia hawajui. Kila asubuhi natoka na begi ya laptopu nakaa kwa mkahawa wa petroli stesheni hapa Kiambu Road mpaka jioni. Nifanye nini? Nipunguze CV nitafute kazi ya chini?"

Kaka, pole sana. Na sikwambii pole ya mdomo, mimi miaka 14 sasa kazi yangu ni kutafutia makampuni ya hapa Nairobi watu wa viti vya juu, kabla ya hapo nilikuwa HR, kwa hivo hio meza nimeikalia pande zote, hata upande ulioko wewe saa hii nimeukalia, nitafika hapo.

Nianze na swali lako la mwisho juu ndilo rahisi. Usipunguze CV. Mtu akikwambia umezidi kazi, mara nyingi haongei kuhusu masomo yako, anaogopa. Anaogopa utakaa miezi minne upate kubwa uende, ama yule atakuwa bosi wako ana miaka 38 na anaona ukiingia utaanza kumsahihisha mbele ya watu, ama ni pesa tu, bajeti yao ni laki mbili na wakikuangalia wanaona laki saba. Hio hofu haitoki kwa kufuta mistari. Utafuta cheo, utajiita mhasibu mkuu, alafu wakuulize swali moja la stoki uwajibu kama mtu aliyezoea kuketi na bodi, na hapo wataanza kujiuliza unaficha nini, na mtu anayeficha kitu hawezi kupewa funguo za pesa.

Lakini kitu kilichonigusa kwa barua yako sio zile 140. Ni ule mkahawa.

Wacha nikueleze venye kiti kama chako kinajazwa. Mwenye kampuni, tuseme familia fulani iko na kiwanda Mombasa Road, anaanza kuchoka na mtu wake wa fedha. Ripoti za mwezi zinachelewa, benki imeanza kuuliza maswali, KRA, wale wa kodi, wameleta barua. Haendi kutangaza, huyo mtu bado yuko ofisini! Anachofanya ni kuongea. Anamdokezea odita wake wakila mchana, "unajua mtu?" Anamwuliza wakili. Anamtajia yule meneja wa benki anayeshika akaunti yake. Hayo maneno yanaweza kuzunguka miezi mitatu minne, na majina mawili matatu yanatajwa. Wakikosa ndio ananipigia mimi, na mimi pia sikimbilii barua pepe, napigia watu ninaowaamini nawauliza nani ametoka, nani anataka kuhama. Tangazo ni la mwisho, na saa zingine linawekwa juu ya sera ya kampuni tu, mtu ashajulikana. Kwa hivo wewe ukijibu tangazo unafika harusini watu wakikunja viti. Sisemi hakuna anayepata hivo, wapo, lakini sio mara 140.

Sasa hio miezi yote watu wakiongea, jina lako halitajwi, na sio juu hawakutaki, ni juu wote wanajua bado uko kazini. Wewe mwenyewe unawahakikishia kila asubuhi na hio begi. Wahenga walisema mficha uchi hazai na sijaona mahali hayo maneno yanakaa sawa kuliko hapa.

Najua aibu hio. Mimi nilitolewa kazini, kampuni ilivunja idara yetu yote, na nilinyamaza miezi mitano. Nilikuwa naambia watu nafanya miradi. Kwa mazishi nilikuwa nakaa nyuma nisiulizwe. Siku nilipomwambia mama mmoja tuliyekuwa tukinunua kwake vifaa vya ofisi, mtu ambaye hata nyumbani kwangu hajawahi kufika, alinishika mkono akasema, "Kwa nini hukusema? Kuna mtu alikuwa ananiuliza juzi." Hio kazi sikuipata, lakini yule "mtu wa juzi" ndiye alinijulisha kwa ofisi iliyonichukua. Miezi mitano nimeketi na jibu liko kwa simu yangu.

Na hii sio bahati yangu tu. Mwaka wa 1973 msomi mmoja wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti wake kuhusu watu wa kazi za kitaaluma waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua. Aliwauliza, huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Asilimia 16.7 pekee walisema mara kwa mara. Asilimia 55.6 walisema mara moja moja, na 27.8 walisema kwa nadra sana. Ukifikiria inaingia akilini, manake rafiki zako wa karibu wanajua vile vitu unavyovijua wewe, mnaketi mahali pamoja na kusikia habari zile zile, lakini mtu wa mbali yuko kwa vyumba ambavyo wewe huingii.

Kwa hivo chukua daftari, sio laptopu, uandike watu wa mbali. Mtu aliyekaa na pesa za kiwanda miaka 19 ako na hazina ya watu na hajui. Yule patna wa kampuni ya odita waliokuwa wanakuja kwenu kila mwaka, huyo anaingia kampuni nyingi na anajua kabla ya mtu yeyote ni wapi kiti cha fedha kinayumba. Meneja wa benki aliyekuwa anashika akaunti yenu. Mshauri wa kodi. Mtu wa bima. Wakili aliyeandika mikataba. Mwenye malori aliyekuwa anabeba mizigo yenu kutoka Mombasa, huyo analipwa na viwanda ishirini na anajua nani analipa kwa wakati na nani hesabu zimeharibika. Wahasibu wadogo uliowafundisha wakahamia kwingine, wengine saa hii ni wakubwa. Mliosoma nao. Wenzako wa ICPAK, kile chama cha wahasibu, ambao mnaonana tu kwa semina. Watu wa KAM, chama cha wenye viwanda, mliokaa nao kwa kamati. Ukifika majina 60 hujamaliza.

Alafu usiwatumie CV. Hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Ukimtumia mtu CV umempa mzigo, hana kazi ya kukupa, anaona haya, ananyamaza, na wewe unadhani amekudharau. Mwombe dakika 20 na kahawa, au simu kama ako mbali. Meseji iwe fupi, kitu kama: "Habari za siku nyingi. Nilitoka kampuni baada ya kuuzwa, nimeanza kutafuta kiti kingine cha fedha, sana sana viwanda vinavyokua au vinavyosumbuliwa na mtaji. Sikuombi kazi, nataka kusikia unaona nini huko nje. Nikununulie kahawa wiki ijayo?" Basi. Mkikutana ongea kidogo, uliza sana. Nani anapanua kiwanda, nani amechukua mkopo mkubwa, nani ameuza hisa, nani amebadilisha CEO. Mwisho umwulize, "Kuna watu wawili ungependa niongee nao?" Hao wawili ndio faida ya hio kahawa. Jioni hio hio shukuru, na ukionana na wale wawili rudi umwambie ilikuwaje, manake mtu akiona alichokupa kimefanya kazi anakupa kingine.

Kahawa tatu kwa wiki zinatosha, ukiweka kumi utachoka na utaanza kuonekana una njaa. Kwa daftari andika tarehe, aliyesema nini, uliahidi nini, utamtafuta tena lini.

Pale watakuuliza kwa nini ulitoka, kuwa na sentensi moja na isibadilike kwa mtu yeyote. Yako ni nzuri: kampuni ilinunuliwa, wenyewe wapya wakaleta timu yao, nikawakabidhi hesabu vizuri nikatoka. Hapo unyamaze. Usiseme vibaya hata kama walikukosea, Nairobi ni ndogo, yule unayemwambia anacheza gofu na aliyenunua kampuni yenu.

Badala ya kungoja matangazo, chagua kampuni 25. Wewe ni mtu wa fedha, kusoma ndio kazi yako, basi soma. Kampuni ziko kwa soko la hisa ripoti zao za mwaka ziko wazi, utaona nani ameingia bodi, deni limekua wapi, wadeni wamechelewa wapi. Mabadiliko ya wakubwa yanatangazwa. Alafu kuna kitu watu hawaangalii: makampuni makubwa yakitaka kununuana hapa lazma CAK, ile mamlaka ya ushindani, ipitishe, na maamuzi yao wanayatangaza. Wewe unajua kwa mwili wako kinachofuata kampuni ikinunuliwa! Mwenyewe mpya anataka macho yake kwa pesa. Kilichokutoa wewe huko ndicho kitakachofungua kiti mahali pengine. Zile kampuni za uwekezaji ziko Westlands na Riverside zinazonunua hisa kwa viwanda na hospitali na mashule, shida yao kubwa wakishanunua huwa ni mtu wa kuweka hesabu sawa haraka, na wewe umepitia mauzo ya kampuni kutoka ndani, umeona wanunuzi wakipekua kila karatasi. Andika hio mahali pa kwanza kabisa. Na usidharau kampuni za familia, Ruiru, Athi River, Industrial Area yenyewe, baba anazeeka na watoto wanataka mtu wa nje wa kuaminika. Hizo hazitangazi kabisa.

Kuhusu sisi maajenti nitakuwa muwazi. Anayetulipa ni mwajiri, kwa kazi za juu mara nyingi ni kama thuluthi ya malipo ya mwaka wa kwanza, kwa hivo mteja wetu ni yule, sio wewe. Hatutafutii mtu kazi, tunatafutia kazi mtu. Jitambulishe kwa wanne watano, uwe na adabu, uwasaidie na majina wakikuuliza kuhusu kiti kisicho chako, hapo watakukumbuka. Na ajenti akikuomba pesa, ya usajili sijui ya kusafisha CV ndio akupeleke mbele, ondoka.

Kazi za mashirika ya serikali ni habari nyingine, zile lazma zitangazwe, utaziona kwa MyGov, lile gazeti la matangazo ya serikali, na tovuti zao, na inachukua muda mrefu. Kama unazitaka, karatasi zako ziwe tayari sasa, sio siku tangazo limetoka: ya KRA, ya HELB (wale wa mikopo ya masomo), ya EACC (wale wa kupambana na ufisadi), cheti cha polisi kutoka DCI, na ripoti ya CRB, wale wanaoweka rekodi za mikopo. Hio ya CRB iangalie leo, manake mtu akikaa miezi nane bila mshahara mkopo mmoja unaweza kuwa umeteleza na hujui.

CV yako naomba uikate iwe kurasa mbili, sio kuishusha, kuikata. Mtu kama mimi naangalia juu kabisa kwa sekunde chache, kwa hivo hapo juu weka mistari minne: wewe ni nani, kiwanda kilikuwa cha ukubwa gani, ulikipata kikiwa katika hali gani na ukakiacha katika hali gani. Sio "nilisimamia idara ya fedha", hio kila mtu alisimamia. Sema siku za kukusanya madeni zilishuka kutoka ngapi hadi ngapi, riba uliyoishusha mlipozungumza upya na benki, kesi ya KRA ilikuwa ya pesa ngapi na iliisha vipi. Hizo namba unazo kichwani. LinkedIn iseme vile vile, na uondoe pale inaposema bado uko kule.

Sasa pesa, juu bila hesabu hio nyingine yote ni hadithi. Toa ile barua uliyopewa uisome tena. Kama ulitolewa kwa kupunguzwa kazini, kifungu cha 40 cha sheria ya ajira ya 2007 kinasema si chini ya siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliomaliza, wewe ni 19, hizo ni siku 285, karibu miezi tisa na nusu kabla ya kodi, pamoja na notisi na likizo ambazo hukuchukua. Kama hukulipwa hivo, mwone wakili wa kazi, sheria inakupa miaka mitatu ya kudai na saa inahesabu. Na kama ulilipwa, basi jua imebaki miezi mingapi ukiishi kwa kubana, uiandike kwa karatasi na mke wako. Mtu asiyejua hio namba anaingia intavyu akitetemeka, na wanaona.

Kama hio namba ni ndogo, hapo ndio utafute kazi ya chini, lakini sio kwa kushusha cheo. Uza siku. Kuna viwanda vya kati haviwezi kulipa mkurugenzi wa fedha mwezi mzima lakini vinaweza kulipa siku mbili kwa wiki, uwawekee bajeti, uongee na benki, umalizane na odita. Utawapa invoisi, watakata asilimia 5 kama kodi ya zuio waipeleke KRA. Nimeona hizo siku mbili zikigeuka kiti kamili mara nyingi, manake wakishakuzoea hofu ile ya kuzidi kazi inaisha yenyewe, wameshaona unavaa gumboti unaenda kuhesabu stoki. Hii naiamini kwako kuliko kitu kingine chochote nilichoandika hapa.

Ukiitwa kwa bodi au kwa familia, usiende kujibu maswali tu. Nenda na ukurasa mmoja wa venye ungetumia miezi mitatu ya kwanza, umeandika kutokana na ulichosoma na ulichosikia kwa zile kahawa. Na wewe pia uwahoji, tafadhali. Omba hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Uliza kama kuna kesi na KRA, kama NSSF ya pensheni na PAYE, ile kodi ya mishahara, zinapelekwa kwa wakati, aliyekuwa kwa hicho kiti alitoka kwa nini, nani ako na sahihi ya benki. Mtu wa fedha ndiye anaweka sahihi, na mtu aliyekaa bila kazi miezi nane anaweza kukubali kiti ambacho kitamchafulia jina alilojenga miaka 19. Wao pia watakupekua, na hawatapigia wale watu uliowaandika pekee, watapigia wale hukuwaandika. Kwa hivo wale wa zamani, hata yule mlikosana, msalimie sasa.

Mshahara usiutaje wa kwanza kama unaweza. Na ukitajwa uangalie kinachobaki mkononi, tangu Julai 2023 pesa inayozidi laki nane kwa mwezi inakatwa kodi ya asilimia 35, kwa hivo ukifika juu saa zingine bima ya familia nzima, mchango mkubwa wa pensheni na notisi ya miezi mitatu au sita ni afadhali kuliko kuongezwa elfu hamsini. Hio notisi ndefu ipiganie. Unajua kwa nini.

Watoto waambie wikendi hii. Mkubwa wako najua ashashuku, watoto wanajua gari likikaa mahali pamoja, na wakisikia kutoka kwa mtu mwingine itakuwa vigumu kurudisha. Waambie mkiwa wote, mama yao akiwepo, uwaambie na ile namba ya miezi. Alafu ndugu zako, simu moja kwa yule anayejua kusambaza habari inatosha.

Jumatatu usiende petroli stesheni. Saa tatu asubuhi mpigie yule patna wa odita, wa kwanza kabla ya mwingine yeyote, na kama hashiki simu mtumie ile meseji venye nimeiandika hapo juu.